Katika Kuchagua Diski ya Kuwashia Seva

Katika vifaa vyote vinavyounda seva ya taasisi kubwa, tangu vichakataji na kumbukumbu hata kadi za mtandao na safu za diski zinazohifadhi amana ya kazi, hakuna kinachopewa nadhari haba na wanunuzi kama diski ya kuwashia, yaani ile diski ambayo mfumo endeshi umewekwa ndani yake na ambayo mashine huisoma kabla ya diski nyingine yoyote kila inapowashwa. Sababu za kupuuzwa kwake ni dhahiri: ujazo wake ni mdogo, bei yake ni nafuu, haibebi hesabu za wateja wala majalada ya wagonjwa, na seva ikishawaka huonekana kana kwamba imemaliza wajibu wake. Lakini siku inapoharibika, vichakataji vya thamani kubwa hukosa amri ya kufuata, na data iliyo salama katika diski nyingine hukaa pasipo wa kuifikia, mpaka fundi afike, aondoe kifaa kibovu, aweke mfumo upya na kurudisha mipangilio yote kama ilivyokuwa.

Tangu diski za sumaku zinazozunguka zilipoanza kuondoka katika wajibu huu na nafasi yao kushikwa na SSD, yaani diski zisizo na sehemu inayozunguka, mnunuzi amezungukwa na tarakimu za kila namna: mbio za kusoma, mbio za kuandika, umri wa uandishi, aina ya seli, umbo na mlango wa kuunganishia. Tarakimu hizi zote zina maana, walakini hazina uzito sawa, na zile zinazotangazwa kwa herufi kubwa aghalabu ndizo zenye uzito mdogo katika kazi hii. Hoja ya makala haya ni kwamba diski ya kuwashia yafaa ipimwe kwanza kwa mwenendo wake wakati wa ajali: umeme ukikatika ghafula hufanya nini, ikifa hufa kwa namna gani, na pacha wake, yaani diski ya pili inayobeba nakala ile ile, hubaki hai au humfuata.

Tuanze na kazi yenyewe. Imezoeleka kusemwa kuwa diski ya kuwashia husoma tu, na kauli hiyo ina nusu ya ukweli. Kusoma kwake hufanyika kwa dakika chache, na katika seva inayowashwa mara chache kwa mwaka ni akali ya kazi. Kuandika, kwa upande mwingine, hakukomi. Mfumo endeshi huandika daftari la matukio yake usiku na mchana, programu za usalama huandika yao, masasisho hushushwa na kukunjuliwa, kumbukumbu ikijaa ziada yake huhamishiwa diskini, na programu ikianguka picha ya kumbukumbu yake huandikwa papo hapo. Kampuni ya Backblaze ya Marekani, ambayo hutangaza hadharani takwimu za diski zake na ambayo ilianza kuwashia seva zake za hifadhi kwa SSD mwishoni mwa 2018, imeeleza kuwa diski hizo, ijapokuwa huitwa za kuwashia, huandika, husoma na kufuta madaftari na mafaili ya muda kila siku.

Kisa cha ESXi, mfumo wa VMware unaobeba mashine pepe, chatosha kuonyesha gharama ya kutokijua kiasi cha kazi hii. Kwa miaka mingi mfumo huo uliwashwa kutoka kadi za SD au vijiti vya USB vilivyochomekwa ndani ya seva, wala watu hawakuona dhara, kwa kuwa ukishasomwa ulikaa katika kumbukumbu na kuandika kidogo mno. Toleo la 7.0 lilipotoka Aprili 2020 mpangilio wa sehemu zake ulibadilishwa, na mambo yaliyokuwa yametawanyika yakakusanywa katika sehemu moja iitwayo ESX-OSData, ambayo huandikwa mara kwa mara. Kifaa cha gigabaiti 32 au zaidi kikawa ndicho kinachopendekezwa. Kadi za SD, ambazo hazikuundwa kwa mzigo huo, zikaanza kuharibika, hata mwaka 2021 VMware ikatangaza kuwa inaiacha desturi ya kuwashia kwa SD na USB pekee. Wenye seva hizo hawakugusa kifaa chochote. Programu ndiyo iliyogeuka. Madhali seva hununuliwa kwa matumizi ya miaka mitano au saba, na mfumo endeshi hubadilishwa mara kadhaa katika muda huo, mnunuzi mwenye busara hupima diski kwa kazi ya leo kisha akaacha wasaa kwa kazi ya kesho.

Kuna mzigo mwingine unaoingia kwa siri. Katika klasta za Kubernetes, yaani makundi ya seva zinazofanya kazi kwa pamoja, seva zinazoongoza klasta huendesha hazina iitwayo etcd, na mahali pake pa kawaida ni katika diski ile ile ya mfumo endeshi, asipokuwapo mtu wa kuihamisha. Hazina hiyo haikubali kuendelea mpaka diski ithibitishe kuwa neno lililoandikwa limetua. Mwongozo wake hushauri kwamba katika kila uthibitisho 100, 99 umalizike chini ya milisekunde 10. Diski iliyonunuliwa kwa kuwashia tu, ikitwikwa kazi hiyo pasipo taarifa, yaweza kuyumbisha klasta nzima ilhali vipimo vya kichakataji na kumbukumbu havionyeshi kasoro yoyote.

Sasa tuyaangalie maumbile ya kifaa. Kumbukumbu ya flashi ya aina ya NAND, ambayo Fujio Masuoka na wenzake wa kampuni ya Toshiba waliitangaza mwaka 1987, huhifadhi habari kwa kufungia chaji za umeme ndani ya seli ndogo sana. Seli ya SLC hubeba biti 1, ya MLC biti 2, ya TLC biti 3 na ya QLC biti 4. Kadiri biti zinavyozidi ndivyo ujazo unavyonafuika na ndivyo viwango vya umeme vinavyokaribiana, hata kuvipambanua kukawa taabu. Fauka ya hayo, kila kufuta na kuandika huchakaza utando unaozuia chaji isitoke, na seli haziwezi kufutwa moja moja bali kwa mafungu makubwa, kwa hiyo neno dogo lililoandikwa na mfumo endeshi laweza kuilazimisha diski kuandika maneno mengi zaidi ndani kwa ndani. Hapo ndipo lilipotoka suala la umri wa uandishi, ambalo watengenezaji hulieleza kwa terabaiti zote zitakazoandikwa, au kwa kipimo cha DWPD, yaani ni mara ngapi kwa siku diski nzima yaweza kuandikwa upya katika muda wote wa dhamana.

Hesabu yake si ngumu, na yafaa kila mnunuzi aifanye mwenyewe. Diski ya gigabaiti 480 yenye kipimo cha DWPD 1 na dhamana ya miaka 5 imeahidiwa kubeba terabaiti 876. Tuseme seva huandika gigabaiti 20 kwa siku katika diski hiyo. Kwa miaka 5 jumla ni terabaiti 36.5, yaani chini ya asilimia 5 ya ahadi. Hata mzigo ungekuwa mara tatu, diski ingefika mwisho wa dhamana ikiwa na nguvu tele. Kwa hiyo kulipia diski za DWPD 3, ambazo huundwa kwa hazina zinazoandikwa mfululizo, ni kutupa fedha. TLC ya DWPD 1 yatosha kwa wasaa mpana, na hata iliyo chini yake yatosha endapo ujazo ni mkubwa na madaftari hupelekwa katika seva nyingine. Anayeanza na umri wa uandishi kana kwamba ndio msingi wa uchaguzi ameanza na jambo ambalo, kwa diski ya kuwashia, ni nadra kuwa chanzo cha kifo.

Yapo hata hivyo masharti mengine yanayotenganisha diski ya seva na diski ya kompyuta ya mezani. Kanuni ya JESD218, iliyotolewa na shirika la viwango la JEDEC mwaka 2010, huitaka diski ya taasisi ipimwe kwa kazi ya saa 24 kwa siku katika nyuzi 55 za Selsiasi, ilhali ya mtumiaji wa kawaida hupimwa kwa saa 8 katika nyuzi 40. Na makosa yasiyorekebishika yanayovumiliwa katika ile ya kwanza ni sehemu ya kumi ya yanayovumiliwa katika ile ya pili. Ajabu ni kwamba katika kuhifadhi habari bila umeme mizani hupinduka: diski ya taasisi iliyokwisha kutumia umri wake wote wa uandishi hutakiwa kushika habari kwa miezi 3 tu katika nyuzi 40, na ya mtumiaji wa kawaida kwa mwaka 1 katika nyuzi 30. Tarakimu hizo ni za diski iliyochakaa; mpya hushika kwa muda mrefu zaidi sana. Hata hivyo anayekaa katika mji wa joto la pwani, na ambaye kipuri chake huagizwa ng'ambo na kungoja forodhani, ana haki ya kuweka diski ya akiba kabatini, maadamu asiitegemee diski kuukuu iliyochomolewa kuwa ndiyo nakala yake ya mfumo.

Tumefika kwenye shina la jambo, nalo ni kukatika kwa umeme. SSD hupokea maneno katika kumbukumbu ya muda kabla ya kuyatia katika seli, na pamoja nayo huweka ramani inayoonyesha kila habari imekaa wapi. Umeme ukitoweka katikati ya kazi hiyo, hupotea yaliyokuwa njiani, na pengine ramani yenyewe. Mai Zheng na wenzake wa Ohio State University na HP Labs walizipima SSD 15 kwa kuzikatia umeme mara nyingi huku zikiandika, wakatangaza matokeo katika mkutano wa FAST wa 2013: diski 13 kati ya hizo 15 zilionyesha kasoro, kuanzia biti zilizoharibika na maneno yaliyoandikwa nusu, hata ramani iliyovurugika na diski iliyokufa kabisa. Tiba ya watengenezaji ni kapasita zinazowekwa juu ya bodi ya diski, zikashika umeme wa kutosha kumaliza kuandika yaliyosalia. Kapasita hizo zina faida ya pili isiyotajwa sana: kwa kuwa diski yaweza kuahidi kwa haki kuwa neno lililo katika kumbukumbu ya muda halitapotea, hujibu maombi ya uthibitisho kwa upesi mkubwa, na ile etcd tuliyoitaja huponea hapo.

Wengine husema kuwa seva ina umeme wa akiba na jenereta, basi kapasita za nini. Jibu ni kuwa umeme wa akiba hulinda waya unaoingia katika chumba, lakini haumlindi mtu na fundi anayechomoa waya usio wake, wala na kifaa cha ndani kinachougawa umeme wa seva kikiungua, wala na betri zilizozeeka ambazo hazijapimwa kwa miaka. Na katika miji mingi ya Afrika Mashariki, ambako kukatika kwa umeme si jambo la ajabu, betri hizo hufanya kazi mara nyingi kuliko zilivyokusudiwa. Kwa seva isiyo na nakala ya pili ya kuipokea kazi yake, kapasita ni sharti, na diski isiyo nazo isikubaliwe kwa unafuu wa bei.

Lakini kapasita hazitoshi peke yake, na historia imetoa ithibati. Intel SSD 320, iliyotoka mwaka 2011, ilikuwa na kapasita hizo hizo. Na bado, kwa kasoro ya programu dhibiti iliyo ndani yake, baadhi ya diski ziliporudishiwa umeme baada ya kukatika ghafula zilijitambulisha kuwa na ujazo wa megabaiti 8, na habari zote zikawa hazifikiki, hadi Intel ilipotoa marekebisho mwezi Agosti mwaka huo. Mapema 2012 ikajulikana kuwa diski za Crucial m4 hukwama zikishatimiza saa 5,184 za kuwaka, sawa na siku 216. Na Novemba 2019 kampuni ya HPE iliwatahadharisha wateja wake kuwa baadhi ya SSD zake za SAS, zisiposasishwa, zitakufa zikitimiza saa 32,768 za kazi, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8, na habari zake hazitarudi; Machi 2020 likafuata onyo jingine, la diski nyingine, kwa saa 40,000. Mwenye maarifa ya hesabu za kompyuta huitambua 32,768 mara moja, kwa kuwa ni 2 iliyozidishwa kwa nafsi yake mara 15, ambapo hesabu ya biti 16 yenye hasi na chanya hufika ukingoni.

Kisa hiki cha mwisho chastahili kutafakariwa na kila anayeamini kuwa diski mbili pacha katika mpango wa RAID 1 ni kinga kamili. Hesabu ya pacha imejengwa juu ya dhana kwamba diski mbili hufa kwa sababu mbali mbali na kwa nyakati mbali mbali. Lakini diski zilizotoka katika sanduku moja, zikawashwa siku moja, zikiwa na programu dhibiti moja yenye kasoro ya saa, zitatimiza saa hiyo pamoja, na HPE yenyewe ilionya kuwa diski zilizoanza kazi pamoja huenda zikafa karibu wakati mmoja. Kinga yake haina gharama kubwa: pacha wawe wa matoleo mawili au watengenezaji wawili, au mmoja awe amewashwa miezi kadhaa kabla ya mwenzake, na juu ya yote programu dhibiti isasishwe kwa ratiba kama isasishwavyo mifumo endeshi. Kwa hiyo mtengenezaji achaguliwe pia kwa tabia yake ya kutangaza kasoro na kutoa marekebisho kwa miaka yote ya dhamana. Mwenye kununua diski isiyo na mahali pa kushushia masasisho amenunua kasoro zake zote za milele.

Insafu yataka tusikize na upande wa pili. Bianca Schroeder wa University of Toronto na wenzake wa Google walichunguza SSD za kampuni hiyo kwa muda wa miaka sita ya matumizi, wakatangaza mwaka 2016 kuwa SLC ya bei ghali haikudhihirika kuwa imara zaidi ya MLC, kwamba SSD zilibadilishwa mara chache kuliko diski za sumaku, na kwamba hata hivyo kati ya asilimia 20 na 63 ya diski zilipata angalau kosa moja lisilorekebishika katika miaka minne ya mwanzo. Backblaze nayo, ikitumia SSD za kawaida kuwashia, imeripoti vifo vya karibu asilimia 1 kwa mwaka. Mtu aweza kuuliza basi kwa nini asifuate nyayo zao akanunua diski rahisi. Jibu limo katika namna wanavyoishi: kampuni hizo zina maelfu ya seva, kazi ya seva moja huchukuliwa na nyingine pasipo mteja kujua, na kifo cha diski ni shughuli ya kawaida ya zamu. Mwenye seva nne, mbili zikiwa zinabeba malipo ya mishahara, hawezi kuazima bei yao bila ya kuazima na wingi wao. Diski ya kawaida ni uchaguzi halali kwa aliyejenga mfumo usiojali kifo cha seva moja. Kwa mwingine ni bahati nasibu.

Tafiti hizo zinatufunza jambo jingine: SSD hufa ghafula mara chache kuliko diski ya sumaku, lakini hupoteza vipande vya habari mara nyingi zaidi. Kwa hiyo pacha si kinga ya kifo tu, ni mahali pa kuchukulia nakala njema ya kipande kilichopotea, na mifumo ya mafaili inayohakiki hesabu ya kila kipande, kama ZFS, huitumia nafasi hiyo vizuri. Ugumu wa pacha wa programu upo mwanzoni kabisa mwa safari: UEFI, yaani programu inayoiamsha seva kabla ya mfumo endeshi, haijui habari za RAID ya Linux, nayo hutafuta sehemu ya FAT32 katika diski moja, hivyo msimamizi asiyeinakili sehemu hiyo katika diski ya pili hugundua siku ya msiba kuwa mfumo wake una pacha lakini mlango wake hauna. Ndiyo sababu ya kupendwa kwa kadi maalumu zinazobeba diski mbili ndogo za umbo la M.2 na kuzionyesha kwa seva kama moja. Dell ilileta kadi yake ya BOSS pamoja na seva za kizazi cha 14 mwaka 2017, na HPE ina NS204i. Kadi hizi huacha nafasi za mbele kwa diski za data, na hufanya kazi kwa mfumo wowote. Ila yafaa kuuliza kama diski yake yaweza kuchomolewa seva ikiwaka, maana BOSS za mwanzo zilihitaji seva kuzimwa na kufunuliwa, jambo lililorekebishwa katika BOSS-S2.

Juu ya mlango wa kuunganishia, SATA au NVMe, hapana haja ya kukawia. SATA huishia karibu megabaiti 550 kwa sekunde, na NVMe huipita mara kadhaa. Lakini seva kubwa hutumia dakika nyingi kujikagua kabla ya kuigusa diski, na sekunde chache zinazookolewa baadaye hazina thamani. Sababu ya haki ya kuchagua NVMe ni kwamba seva mpya zinaelekea huko na vipuri vitafuata. Umbo lina uzito zaidi: M.2 ya milimita 80 ina nafasi finyu ya kapasita, na ingawa zipo zenye nazo, ni lazima waraka wa mtengenezaji usomwe; ile ya milimita 110 huzibeba kwa urahisi, tena M.2 iliyolala karibu na kichakataji hupata joto, na diski yenye joto hupunguza mwendo wake. Kuhusu ujazo, gigabaiti 240 hutosha seva nyingi, na kampuni ya Micron iliunda 5300 BOOT ya ujazo huo huo kwa kazi hii. Gigabaiti 480 hupendeza pale ambapo tofauti ya bei ni ndogo.

Wapo wasiotaka diski hii kabisa, wakawasha seva kupitia mtandao au hazina ya pamoja. Njia hiyo ni njema kwa klasta kubwa za seva zinazofanana, lakini huhamisha imani yote kwa mtandao na seva nyingine, ambazo nazo zina diski zao za kuwashia. Kwa ofisi ndogo huongeza fundo mahali palipokuwa na uzi ulionyooka.

Kwa ujumla, mpangilio wa vigezo ni huu: kwanza ulinzi wa kukatika umeme, kisha mtengenezaji anayesasisha programu dhibiti, kisha pacha wasiofanana umri na wanaoweza kubadilishwa bila kuzima, kisha uangalizi, kwa kuwa NVMe hutoa kipimo cha asilimia ya umri uliotumika, na kipimo hicho huweza kupita 100 diski ikiwa bado hai, jambo linaloonyesha kuwa ni onyo wala si hukumu. Umri wa uandishi, ujazo na mbio vifuate nyuma. Anayeandika zabuni akivitaja vinne vya kwanza kuwa masharti, na vitatu vya mwisho akavipa kiwango cha chini tu, atapata diski isiyo ghali sana na isiyosifiwa na mtu, na akiweka kumbukumbu ya tarehe ilipowashwa pamoja na toleo la programu dhibiti yake, atakuwa na jibu siku litakapotoka tangazo jingine la saa zilizohesabiwa.